Nani Aseme Swali Limekwisha?

Vijana wa kompyuta wakisimulia habari ya maswali na majibu ya mtandaoni huanzia mwaka 2008, tovuti ya Stack Overflow ilipofunguliwa na alama yake ya vema ya kijani. Mimi nilikuwa mkutubi kabla sijawa mtu wa mitambo, kwa hiyo huanzia mbali zaidi: London, Jumamosi ya tarehe 3 Novemba 1849. Siku hiyo William John Thoms, karani katika Baraza la Malodi la Uingereza, alitoa toleo la kwanza la gazeti dogo la kila wiki, Notes and Queries. Wasomaji waliuliza, wasomaji wenzao wakajibu. Msemo fulani ulianzia wapi, kitabu kisicho na jina la mwandishi kiliandikwa na nani, ukoo fulani uliishia kwa nani. Mambo ya watu wenye nafasi zao, sikatai. Lakini Thoms alijikuta na tatizo ambalo mimi nilikutana nalo zaidi ya miaka mia baadaye, na namna alivyolitatua bado naiona ni safi kuliko nyingi zilizofuata.

Alikuwako wa kumtangulia. Mwaka 1691 mchapishaji John Dunton alianzisha The Athenian Mercury, pia London. Watu walipeleka maswali yao kwenye mkahawa mmoja wa kahawa, naye na wenzake wachache wakayajibu gazetini bila kutaja majina ya walioyauliza. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Samuel Wesley, baba wa John Wesley aliyeanzisha Umethodisti. Humo utakuta maswali ya mapenzi, ya pepo, ya hesabu, ya Biblia, yote ukurasa mmoja. Kwa Dunton mambo yalikuwa mepesi: swali na jibu lake vilichapwa pamoja, kwa hiyo swali lilizaliwa likiwa limeshakwisha. Mwenye gazeti ndiye aliyesema limekwisha. Ukikusanya matoleo, ukayajalidi, ukaweka faharasa nyuma, kazi imeisha.

Kwa Thoms swali lilichapwa leo, na jibu likaja lilipojaaliwa: wiki ijayo, au mwakani, au baada ya mwulizaji kufariki. Vitu viwili vinavyohitajiana vilikaa kurasa mbalimbali za mabuku mbalimbali. Dawa yake ilikuwa namba. Kila jibu lilibeba kichwa cha swali lake, na mbele yake mfululizo, buku na ukurasa ambamo swali lilitokea. Kila buku lilifungwa na faharasa, na mfululizo mmoja ulipotimiza mabuku kumi na mawili ilitolewa faharasa kuu ya mfululizo wote. Msomaji angeweza kuanzia kwenye jibu akarudi hadi kwenye swali, au akaanzia kwenye faharasa akakuta vyote. Na hakuna aliyepiga mhuri wa kusema basi, imetosha. Aliyekuwa na hoja ya kupinga jibu la miaka kumi iliyopita aliandika, akaweka namba zake, akaingia kwenye mnyororo. Gazeti hilo bado linatoka, sasa chini ya Oxford University Press.

Wakutubi tulipata sheria zetu baadaye kidogo. Mwaka 1876 Charles Ammi Cutter, mkutubi wa Boston Athenaeum huko Marekani, alichapisha kanuni za katalogi ya mpangilio wa alfabeti. Jambo la kwanza alilolidai ni kwamba katalogi imwezeshe mtu kukipata kitabu ikiwa anajua mwandishi wake, au jina lake, au mada yake. Linasikika kama la kitoto mpaka ukae dawatini. Mama aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, aliniambia siku za mwanzo kabisa: "Mwanangu, msomaji haji na neno lako. Anakuja na neno lake." Mwanafunzi anataka dawa ya kunguni, kadi zetu zinasema wadudu waharibifu. Ndiyo maana katika droo zile kulikuwa na kadi ambazo hazikuonyesha kitabu chochote. Ziliandikwa "Kunguni, tazama Wadudu waharibifu," basi. Mtu asiyejua kazi angedhani ni karatasi iliyopotea bure. Mama yule alizihesabu kuwa nusu ya katalogi.

Sasa twende kwenye mashine. Mwaka 1979 Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke katika jimbo la North Carolina, walibuni mtandao wa kupashana habari kati ya kompyuta za Unix, uliokuja kuitwa Usenet. Kompyuta zilipigiana simu, mara nyingi usiku ambapo gharama ilipungua, zikapokezana ujumbe. Makundi ya mazungumzo yakaota kwa kila jambo, kuanzia lugha za programu mpaka mapishi. Ila diski za wakati ule zilikuwa ndogo. Kila seva ilifuta ujumbe wa zamani baada ya siku kadhaa au wiki chache, ili wa leo upate mahali. Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote yaliyofuata: jibu zuri lililoandikwa Machi, kufika Mei halikuwapo. Anayeingia Mei akiuliza swali la Machi hana kosa lolote, na anayemkaripia kwamba limeshajibiwa hana pa kumwonyesha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Eugene Miya wa NASA, katika orodha ya barua za mambo ya anga, alianza kukusanya maswali yaliyorudi kila mara pamoja na majibu yake, akawa anayatuma upya kila baada ya muda. Desturi ikaenea. Steve Summit, kuanzia 1990, alitunza maswali ya lugha ya C kwa namna ambayo hatimaye ilikuwa kitabu kamili, kilichotolewa na Addison-Wesley. Na huko chuo cha MIT, Jonathan Kamens alikuwa mmoja wa walioweka utaratibu juu ya vurugu: kundi maalumu la kupokea orodha hizi zote, na mashine ya kuzihifadhi. Jina la mashine hiyo lilikuwa tusi la kifundi, nitaliacha hapo. Orodha ilianza na mistari michache ya utambulisho: jina lake katika hifadhi, hutumwa kila baada ya muda gani, ilirekebishwa mwisho lini. Nilipoiona mistari ile mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ilikuwa kadi ya katalogi.

Niliiona Dar es Salaam, miaka ya tisini, chuoni nilikofanya kazi. Hatukuwa na intaneti ya kufungua kurasa. Tulikuwa na modemu moja na baruapepe iliyokwenda na kurudi kwa mafungu. Sasa, mashine ile ya MIT ilikuwa na mlango kwa watu kama sisi. Ulituma barua isiyo na salamu wala maelezo, ndani yake amri moja na njia ya faili ulilolitaka. Baada ya muda faili lilirudi, na likiwa refu lilikuja vipande vipande. Bob Rankin, Mmarekani, aliandika mwongozo mzima wa kuitumia intaneti kwa baruapepe peke yake; huo nao ulikuwa orodha ya maswali na majibu, na huo nao tuliuagiza kwa barua. Majibu yaliyofika niliyachapa kwa printa ya sindano, kwenye ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni, nikayatia kwenye mafaili ya boksi, nikayapa namba 005 kama ilivyo kwa vitabu vya programu, nikaandika na kadi. Mkuu wangu alishangaa: barua za watu tusiowajua zinapewaje kadi? Nilimjibu kwa adabu kwamba mwanafunzi ambaye kompyuta yake imekwama hamwulizi daktari cheti cha shahada.

Katika utaratibu ule, aliyesema swali limekwisha alikuwa mtunza orodha. Naupenda kwa sababu moja: yeye hakumwandikia aliyeuliza, alimwandikia atakayekuja. Ila orodha iliishi kwa pumzi ya mtu mmoja. Akipata mtoto, akibadilisha kazi, au akichoka tu, mstari wa tarehe ya marekebisho unaganda, na majibu yanaanza kuoza bila harufu.

Kisha wakaja watu wengi. Zamani wageni wa Usenet waliingia kwa wingi kila Septemba, vyuo vya Marekani vilipofunguliwa, na ndani ya wiki chache wakazoea mila za wenyeji. Kati ya 1993 na 1994 kampuni za huduma, AOL ikiwamo, ziliwafungulia wateja wao mlango, na wenyeji wakasema Septemba ile haikuisha tena. Orodha za majibu zilikuwapo; wageni hawakujua kwamba zipo. Kadi ya katalogi haimsaidii mtu ambaye hajui kuwa kuna droo.

Jawabu la wakati huo likawa kutafuta kwa neno. Deja News ilianza 1995 kuhifadhi ujumbe wa Usenet na kuwawezesha watu kuupekua. Mwaka 2001 Google iliinunua hifadhi hiyo, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikaongeza ujumbe wa kale zaidi, wa 1981 mpaka 1991. Ujumbe huo ulisalimika kwa sababu Henry Spencer, aliyeshughulikia kompyuta za idara ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto, alikuwa na tabia ya kunakili kila kitu kwenye kanda za sumaku kabla hakijafutwa. Kanda 141. Idara ya zoolojia! Wanasayansi wa wanyama ndio waliotuhifadhia mazungumzo ya mwanzo ya mafundi wa kompyuta, na kama diski zao zingekuwa kubwa zaidi au Spencer angekuwa mvivu kidogo, tusingekuwa na chochote.

Nakumbuka jinsi wenzangu walivyofurahia mashine za kutafuta, wengine wakatangaza kifo cha ukutubi. Zilipotufikia na sisi nikaona zimeleta udhia mpya. Unatafuta maneno ya kosa lililotokea kwenye skrini yako. Unapata uzi wa miaka mitatu nyuma. Mtu ameandika kosa lilelile, herufi kwa herufi. Chini yake, siku mbili baadaye, mtu yuleyule: "Nimeshapata, asanteni." Amepata nini? Hakusema. Amekwenda zake. Mchoraji Randall Munroe aliwahi kufanya katuni ya mtu anayeitikisa kompyuta akimlilia mwulizaji wa namna hiyo aseme aliona nini, na sijui fundi asiyeijua. Eric Raymond na Rick Moen, katika mwongozo wao wa 2001 kuhusu namna ya kuuliza, waliwasihi watu warudi waeleze kilichotatua tatizo, na waongeze kwenye kichwa cha uzi neno la kuonyesha kwamba limetatuliwa. Majukwaa mengi yaliifuata desturi hiyo, na mengine baadaye yakaweka kitufe cha kazi hiyohiyo. Ni kitu kidogo mno, lakini angalia kilichotokea: mamlaka ya kusema swali limekwisha yalitoka kwa mtunza orodha yakaenda kwa mwulizaji. Yaani kwa mtu anayejua kidogo kuliko wote waliomo, na mwenye haraka ya kuondoka.

Biashara ilikuwa imeshaiona nafasi hiyo. Tovuti ya Experts Exchange, ya mwaka 1996, iligawa pointi: mwulizaji anakubali jibu, mjibuji anapata zake. Baadaye majibu yakafichwa kwa wasiolipa. Ulipotafuta, ulilipata swali lako limejibiwa, na jibu limefunikwa. Kumbe mara nyingi lilikuwa chini kabisa ya ukurasa, likiwekwa hapo ili Google iendelee kuuonyesha ukurasa huo. Hasira ya mafundi kwa mchezo huo ndiyo iliyowapa Jeff Atwood na Joel Spolsky, waanzilishi wa Stack Overflow, wateja wao wa kwanza.

Stack Overflow ilifunguliwa kwa wote tarehe 15 Septemba 2008, bila malipo, na majibu yakiwa chini ya leseni inayoruhusu kunakiliwa. Wengi hukumbuka pointi na nishani zake. Mimi nilichokiona ni kwamba ilitenganisha hukumu mbili. Wasomaji wote walipiga kura, wakapandisha jibu moja na kushusha jingine. Mwulizaji peke yake aliweka alama ya vema, kwenye jibu moja tu, na jibu hilo likapanda juu ya yote hata kama kura zilisema vingine. Mjibuji alipata pointi 15 kwa kukubaliwa. Mwulizaji alipata mbili kwa kukubali, rushwa ndogo ya kumrudisha yule wa "nimeshapata, asanteni."

Na kulikuwa na maswali rudufu. Swali lililokwisha kuulizwa lilifungwa, likaelekezwa kwa kiungo kwenye lile la kwanza. Lakini halikufutwa. Mwaka 2010 Atwood aliandika kutetea jambo hili: watu huuliza kitu kimoja kwa maneno mengi tofauti, kwa hiyo rudufu lililofungwa ni kibao cha njiani kwa yule atakayetafuta kwa maneno hayo mengine. Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka mama wa dawatini. Kunguni, tazama Wadudu waharibifu. Miaka 134 baada ya Cutter, watu wa mashine walikuwa wameifikia kadi ya tazama kwa miguu yao wenyewe, na ninavyoona ndicho kitu bora walichofanya, kuliko alama ya kijani.

Walichokosa ni adabu ya dawatini. Mkutubi akikutoa kwenye kunguni akakupeleka kwenye wadudu, hakuaibishi mbele ya watu. Pale mwulizaji mgeni alifungiwa swali lake hadharani, pengine na kura za kulishusha juu yake. Alikuwa ameijenga kadi yenye manufaa kwa maelfu, na ujira wake ukawa kofi. Vijana wengi waliopita mikononi mwangu walijaribu mara moja wakaapa kutouliza tena humo. Walibaki wasomaji wa majibu ya wengine, kimya.

Alama ya vema nayo ilizeeka vibaya. Chukua lugha ya Python. Jibu la 2009 lililokubaliwa na mwulizaji wa 2009 liliandikwa kwa Python 2, ambayo waliotunza lugha hiyo waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Mwanafunzi wa 2020 anafungua ukurasa, jibu la kwanza lina alama ya kijani, analinakili, halifanyi kazi. Jibu linalofaa liko chini, limewekwa na mpita njia mwaka 2015, lina kura mara tano zaidi. Nani alikuwa na mamlaka ya kuligeuza? Mwulizaji, ambaye shida yake iliisha miaka kumi na moja iliyopita na huenda siku hizi anauza nyumba. Mwaka 2021 Stack Overflow ilikubali hoja hiyo. Alama ya vema ilibaki, ila jibu lenye alama likaacha kubandikwa juu, kura zikatangulia. Ilichukua miaka kumi na tatu kumwambia mwulizaji kwamba asante, tumesikia kwamba kwako limekwisha.

Mwaka uliofuata ilitoka ChatGPT, na Desemba ya mwaka huo wa 2022 Stack Overflow ikapiga marufuku majibu yaliyoandikwa nayo. Sina mengi ya kusema hapo, isipokuwa kwamba mtu anayeuliza mashine akajibiwa faraghani hamwachii anayekuja nyuma hata ule uzi wa "nimeshapata." Angalau uzi ule ulituambia kwamba jibu lipo.

Kwetu njia ilipinda mapema zaidi. JamiiForums, iliyoanza 2006, iliwapa watu wanaoongea Kiswahili jukwaa kubwa la maandishi, na kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009 wengi wetu tulidhani majukwaa yatazaana. Badala yake maswali ya kazi yalihamia kwenye makundi ya simu. Nina mpwa wangu fundi simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Yeye na wenzake wana kundi lao, na kila wiki linaingia swali lilelile: simu imeflashiwa, imestaki kwenye logo, nifanyeje. Anayejiunga leo haoni hata neno moja la jana. Ni Usenet ya diski ndogo, imerudi ikiwa na rangi.

"Shangazi," aliniuliza, "wewe si ulikuwa maktaba? Tuyapangeje haya majibu?" Walikuwa wamekwisha kuanza wenyewe: msimamizi wa kundi ana faili moja la maandishi, analituma upya kila mwanzo wa mwezi bila kumjua Eugene Miya. Nilichomwongezea ni kidogo. Kila tatizo liandikwe kwa maneno ya mteja kwanza, "haishiki chaji", "inajizima yenyewe", ndipo lije jina la kifundi. Modeli kamili, si "Samsung ndogo". Tarehe. Na pale kwenye kutatuliwa, ziwe safu mbili: moja ya fundi aliyeuliza, akisema kwake imepona, na nyingine ya fundi mwingine mwenye modeli hiyohiyo aliyejaribu akaona. Likipingwa baadaye lisifutwe, pingamizi liandikwe chini na tarehe yake.

Alikubali yote isipokuwa safu ya pili. "Nani atarudi kujaza hiyo, Shangazi? Simu ikipona mteja ameshasimama hapo anaidai." Nilimwambia ajaze yeye, kwa zile zinazopita mezani kwake. Faili la mwezi uliopita alinitumia. Safu ya kwanza imejaa nusu, ya pili ina majina mawili, moja lake.